Gobori la Kupokea kwa Mikono Miwili

Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi. Naijua saa hiyo kwa hakika, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya saa ya ukutani ya mteja, niliyokuwa nimeitengenezea sanduku jipya la mbao, nikitazama kama itakwenda sawa baada ya kutundikwa. Mlio ulitoka upande wa mihogo, nyuma ya nyumba yangu. Haukuwa mlio niliouzoea. Gobori la jirani yangu, bunduki yake ya zamani, kwa kawaida lililia kwa sauti nene, kama mlango mzito unaofungwa na upepo. Huu ulikuwa mkali na mkavu, na baada yake sikusikia nyani wakikimbia wala watu wakishangilia. Palikuwa kimya. Kisha mtu mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yangu."

Nikatoka bila viatu.

Tulikuwa tukiishi Mjambere, upande wa Kisauni, katikati ya miaka ya vita vikuu vya pili. Mimi ni fundi seremala, na asili yangu ni Rabai. Nyumba yangu ilikuwa juu ya ardhi ya mzee mmoja wa ukoo wa zamani wa Mvita, aliyekuwa amevuka kuja bara zamani ili kulitunza shamba la baba yake. Kuta na paa zilikuwa zangu, ardhi ilikuwa yake, na kila mwezi nilimpelekea kodi yake. Watu wengi wa Kisauni waliishi hivyo, na wengi bado wanaishi hivyo. Mzee alikuwa mtu wa miaka kama sabini, mrefu, msafi wa kanzu na wa maneno. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliishi na mkewe peke yao, kwa kuwa watoto waliobaki hai walikuwa wamehamia kisiwani.

Mtu wa tatu katika habari hii alikuwa mgema. Alitoka pande za Kaloleni, alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa amekodi minazi ya mzee kwa kugema. Alipanda kila mnazi mara mbili kwa siku, asubuhi na magharibi, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, mkono wa kushoto ukikumbatia mti na wa kulia ukishika kotama, kile kisu chembamba cha kugemea. Hakuwa na shamba wala mifugo. Mkewe, watoto wanne na mama yake huko kwao walikula kutokana na mikono ile miwili, wala hapakuwa na kitu kingine cha kuwalisha. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mgema aliyevunjika mguu anaweza kushona makuti, lakini mgema asiye na mkono ni mdomo tu.

Mzee, akiwa Mwislamu wa sala tano, hakupenda kusema kwamba minazi yake inagemwa tembo, ile pombe ya mnazi. Alisema inagemwa siki.

"Mimi nimemkodisha miti," aliniambia mara moja, mgema akisikia. "Yeye agema siki."

"Ni kweli, Bwana," mgema akajibu, ameinamisha kichwa kwa heshima. "Ila wateja wangu wana haraka, wanainywa kabla haijawa siki."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Walipendana, watu wale wawili, na ninaandika hivyo kwa sababu bila kulijua hilo mtu hawezi kuelewa yaliyotokea.

Gobori lilikuwa la marehemu baba wa huyo mzee, jirani yangu. Lilikuwa bunduki ya zamani ya kushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha makumbi ya nazi ya kuizuia, kisha marisaa, yaani punje ndogo za risasi, kisha makumbi tena, na kila kitu hushindiliwa kwa ufito mrefu uitwao mdeki, unaochomekwa chini ya kasiba, ule mtutu wa bunduki. Nyuma, chini ya mtambo, huvishwa fataki ndogo ya shaba, na hiyo ndiyo hutoa cheche. Mzee alikuwa na leseni yake, aliyoifanya upya kila mwaka katika ofisi ya kisiwani, na leseni ilisema kwamba bunduki ni ya kulinda mazao, na kwamba ni yake yeye peke yake. Nguruwe-mwitu walikuwa wengi Kisauni siku zile, na nyani zaidi. Mwaka ule mvua ilikuwa haba na mahindi yaligawiwa kwa kipimo, kwa hiyo mihogo ndiyo iliyokuwa chakula. Kundi moja la nyani lilitosha kuiacha nyumba bila kitu katika asubuhi moja.

Lakini macho ya mzee hayakuweza tena kulenga. Kwa hiyo mgema ndiye aliyempigia. Leseni haikuruhusu, na kila mtu alijua hivyo, na hakuna aliyeona kwamba ni kosa. Mzee aliona kwamba ameitii sheria kwa njia yake: gobori lilitoka mkononi mwake na kurudi mkononi mwake, wala halikulala nyumba nyingine hata usiku mmoja.

Lililala juu ya jiko. Hapo ndipo magobori yote ya Kisauni niliyoyajua yalipolala, juu ya uchaga, lile dari la fito juu ya mafiga linalowekwa mahindi ya mbegu. Sababu yake ilikuwa ya maana. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Chuma huota kutu kwa wiki moja, na baruti ikipata unyevu haifai kitu. Moshi wa jikoni hukausha vyote viwili. Ya kwamba baruti na moto hulala chumba kimoja, watu walilijua, lakini babu zao walikuwa wamefanya hivyo na wakafa kwa homa, si kwa moto.

Mke wa mzee hakukubaliana na jambo hilo. Yeye ndiye aliyepika chini ya ile bunduki. Siku moja alinijia kwenye karakana akiwa amejitanda kanga, akaniamkia na kuniuliza habari za nyumbani, kisha akaniambia:

"Fundi, nataka sanduku. Refu hivi, na kufuli. Mume wangu asijue mpaka liishe."

"La kutilia nini, Bibi?"

"La kutilia mauti."

Nililitengeneza kwa mbao za mvule, nikaweka bawaba za shaba na tumbuu ya kufuli. Mzee alilipokea kwa shukrani nyingi. Gobori lilikaa humo siku tisa. Siku ya kumi alilitoa, akanionyesha doa la kutu kwenye kasiba, na kweli doa lilikuwepo. Gobori likarudi juu ya uchaga. Sanduku, kwa kuwa ndicho kitu pekee chenye kufuli nyumbani, likatiwa sukari ya kipimo na doti mbili za kanga ambazo Bibi alikuwa amezipata kwa shida. Siku zile sukari ndiyo iliyoibwa. Sikuwahi kusikia mtu kaibiwa gobori.

Sasa nieleze jinsi gobori lilivyotolewa. Mgema alikuja kwenye baraza ya mzee, akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akaingia ndani, akalishusha mwenyewe, akalifuta kwa kitambaa, akalitoa nje, akasema neno moja: "Tupu." Maana yake, halina kitu ndani. Mgema alilipokea kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama mtu anavyopokea chochote kutoka kwa mkubwa wake. Kisha akapewa pembe ya baruti, marisaa, na fataki za kuhesabiwa. Alilishindilia huko huko ukingoni mwa shamba. Akirudi bila kupiga, aliitoa baruti kwa chuma chenye ncha ya kuzunguka, ili alirudishe tupu. Mpango huo ulikuwa mzuri. Miaka mitatu haukuwahi kukosea.

Mdeki wa zamani ulipovunjika, mzee alinipa kazi ya kuchonga mwingine. Niliuchonga kwa mti mgumu, nikautumbukiza ndani ya kasiba tupu mpaka ukagota, nikakata alama ya mviringo pale ulipolingana na mdomo wa bunduki. Kisha nikamwomba mgema alishindilie kama kawaida, nikautumbukiza tena, nikakata alama ya pili, chini ya ile ya kwanza kwa vidole vinne. Hesabu yake ni nyepesi. Alama ya kwanza ikilingana na mdomo, bunduki ni tupu. Ya pili ikilingana, imeshindiliwa. Hata ya pili ikibaki nje, basi kuna kitu kisichotakiwa kuwemo.

Nilimweleza mzee barazani kwake, mgema yupo. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaushika mdeki, akazipapasa zile alama kwa kidole gumba.

"Ndoo karibu, fundi," akasema. "Nifahamishe. Mimi nikimpa kijana huyu bunduki nikamwambia ni tupu, yeye atie kijiti hiki atazame?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbele yangu?"

"Popote, Mzee. Kabla ya kutia baruti."

"Atazame nini? Kama mimi ni mkweli?"

"Hapana, Mzee. Atazame bunduki."

"Bunduki haikusema kitu. Aliyesema ni mimi." Hakukasirika; alikuwa akitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mato yangu yamechoka, wallahi, hilo nakubali. Lakini ulimi bado. Nimeishi miaka yote hii, sijapata kutiwa mdeki nikapimwa."

Mgema akaingia kati kwa mzaha, ili tuondoke hapo. "Bwana, msamehe fundi. Huyu hata mkewe akijifungua, kwanza atampima mtoto kwa futi ajue kama anaingia mlangoni."

Tulicheka wote. Mzee akampa mgema mdeki, akasema, "Alama ni nzuri, zapendeza. Lakini wewe hutanipima, siyo?"

"Haiwezekani, Bwana," mgema akasema.

Tulipokuwa tukirudi njiani nilimwambia kwamba angeweza kufanya hivyo akifika shambani, ambako mzee haoni. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuiba.

"Fundi, wewe baba yako akikwambia amekula, utamnusa mdomo?"



Baada ya miezi michache likazuka jambo la wezi. Nyumba mbili upande wa Bamburi zilivunjwa, wakachukua nguo na chakula. Watu walisema ni watoro kutoka kambi za kazi, wengine wakasema ni watu wa hapa hapa, na usiku, kwa amri ya vita ya kutowasha taa, kila kitu kilikuwa giza tupu. Mzee hakumwambia mtu, lakini alianza kulishindilia gobori mwenyewe baada ya sala ya isha, kwa kupapasa, na kulala nalo kando ya kitanda bila fataki. Alfajiri aliitoa baruti kwa kile chuma cha kuzunguka, akalirudisha juu ya uchaga. Alifanya hivyo kwa usiku kadhaa. Mimi nimeyajua hayo kwa kinywa chake, baadaye.

Asubuhi ile aliamka, akalirudisha gobori kwanza kwa sababu mkewe alitaka kufagia chumba. Alikusudia kuitoa baruti baada ya sala. Alipomaliza sala akaketi na tasbihi. Alikuwa bado ameketi mgema alipokuja mbio kutoka minazini akisema nyani wameingia kwenye mihogo, kundi zima. Mzee akaenda jikoni, akalishusha, akalifuta, akatoka nje, akalitoa kwa mikono miwili, akasema, "Tupu."

Nilimkuta mgema amepiga magoti kati ya matuta. Gobori lilikuwa mbele yake, kasiba imepasuka karibu na mtambo na kukunjuka kama ganda la ndizi. Alikuwa ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, ameukumbatia kifuani. Shati lilikuwa jekundu mpaka kiunoni. Uso ulikuwa na chembe nyeusi za baruti, lakini macho yalikuwa mazima. Nikamwambia anionyeshe mkono.

"Usiutazame," akasema. "Ufunge tu."

Niliufunga kwa shati langu, nikakaza kamba ya katani juu ya kiwiko, kama nilivyokuwa nimesoma. Mzee alikuwa amefika kwenye ukingo wa shamba, anapapasa njia kwa fimbo, anauliza kilichotokea, na hakuna aliyekuwa akimjibu. Mkewe alikuja nyuma yake. Yeye aliona. Alisimama, akaliweka pindo la kanga mdomoni, akarudi nyumbani, akatuletea kitambaa safi na maji.

Tulipata lori lililokuwa likipeleka nazi mjini. Nilikaa naye nyuma, juu ya magunia. Hakulia. Kwenye daraja la Nyali, lile la kuelea, lori lilisimama kwa muda mrefu kwa sababu magari ya jeshi yalikuwa yakipita kwanza, na hapo ndipo aliponiambia.

"Fundi. Niliona alama."

"Alama gani?"

"Ya pili. Nilipomaliza kushindilia, ilikuwa nje. Vidole vinne, pengine vitano."

Nilimwuliza alifikiri nini.

"Nilifikiri nimetia makumbi mengi. Nikajua si makumbi. Nikasimama pale na mdeki mkononi, nyani wanang'oa mihogo mbele yangu."

"Ungerudi ukamwuliza."

"Ningerudi nikamwambie nini? Bwana, umeniambia tupu, nami naona si tupu?" Maji yalikuwa yakigonga chini ya daraja. "Nilisema acha nimpige nyani mmoja, yaishe. Mzee asijue hata kwamba amesahau. Ameshaanza kusahau mambo, wewe hujaona? Juzi aliniuliza habari za baba yangu mara mbili. Nilimzika baba mwaka jana, na yeye alikuja matangani."

Magari ya jeshi yakaisha kupita, lori likaondoka.

Hospitalini walimkata kidole gumba, cha shahada na cha kati. Vikabaki viwili vya mwisho, na kiganja kilichoshonwa kikawa kigumu kama ngozi ya kiatu. Daktari alisema ana bahati kwamba macho yamepona, na alisema kweli. Mgema alimshukuru. Daktari alipoondoka, alivitazama vile vidole viwili, akavikunja na kuvikunjua, akaniambia, "Hivi havikumbatii mnazi."

Siku ya pili mzee alivuka kuja kumwona, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, binti mkubwa. Ikatokea kwamba saa ile ile alikuja ofisa wa polisi na mkalimani, kuandika habari za bunduki. Nilikuwa nimesimama dirishani na niliyasikia yote. Ofisa aliuliza ni nani aliyeishindilia.

Mzee alisema, kabla mtu hajamwuliza yeye, "Mimi nimeishindilia usiku. Na mimi ndiye niliyesema ni tupu. Kijana huyu hana kosa."

Mkalimani akamgeukia mgema.

"Si hivyo," mgema akasema. "Mzee amechanganyikiwa kwa huzuni. Bunduki ilikuwa tupu. Mimi nilishindilia mara mbili kwa haraka."

"Mwanangu," mzee akasema, "wanikadhibisha?"

Mgema hakumtazama. "Umesahau, Bwana. Ilikuwa tupu."

Ofisa alitazama huku na huku, akamwona mzee asiyeona vizuri na mgonjwa anayejua alichokifanya, akaandika maneno ya mgonjwa. Baadaye mgema alinieleza kwamba kumpa asiye na leseni bunduki ni kosa moja, lakini kumpa iliyoshindiliwa na kusema ni tupu alidhani ni kosa kubwa zaidi, na hakutaka mzee alale rumande hata usiku mmoja kwa umri ule. Sijui kama sheria ilikuwa hivyo. Nimejaribu kuisoma tangu hapo na sikupata mahali palipoandikwa namna ile. Alichopewa mzee ni kunyang'anywa leseni na gobori lenyewe, au kilichobaki cha gobori. Alionywa, akaambiwa aende zake.

Mwanzoni mzee hakuamini kwamba alisahau kuitoa baruti, wala hakuamini kwamba hakusahau. Alinijia mara nyingi jioni, akaketi kwenye gogo mbele ya karakana, akanieleza tena usiku ule na alfajiri ile, kitu kwa kitu, kama mtu anayetafuta sindano. "Nililishindilia. Ninakumbuka harufu ya baruti kwenye vidole. Au ilikuwa usiku wa kabla?" Nilimwambia mara moja kwamba alikuwa sahihi, kwamba alama ilikuwa nje. Kisha akaniuliza nani aliyeiona hiyo alama, nami nikamwambia, na baada ya hapo hakuja tena karakana.

Mihogo iliisha kabla ya mvua. Bila gobori nyani walikuja wapendavyo, na nyumba nne za jirani zilizokuwa zikilindwa na mgema zilianza kula majani ya mtoriro na mchicha. Watu walinung'unika, si kwa sababu ya mkono wa mgema, bali kwa sababu ya bunduki iliyochukuliwa. Wachache walipata funzo jingine. Kijana mmoja wa upande wa Kongowea aliniletea mdeki wa kwao akaniomba niukate alama mbili kama zile alizosikia habari zake.

"Lakini uzikate ndogo," akasema. "Baba asizione."

Nilizikata ndogo. Walikuja wengine watatu, kila mmoja na ombi lile lile. Hakuna aliyeagiza sanduku. Najua kwa hakika kwamba magobori yote yale yaliendelea kulala juu ya uchaga, na kwamba wenye mideki ile wanaipima bunduki vichakani, kwa kujificha, kama watu wanaofanya jambo la aibu.

Mgema alirudi Mjambere mkono ulipopona, akiwa amekonda. Alikuwa amekusudia kujaribu. Nilikwenda naye kwa sababu aliniomba, na alichagua mnazi mfupi, uliopinda, ambao hata mwanafunzi wa kugema angeupanda. Alivua viatu, akaukumbatia mti kwa kiwiko cha kushoto mahali pa kiganja, akakanyaga kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapo ilimbidi aachie mkono wa kulia ili ashike kotama, na kiwiko kikateleza. Hakuanguka. Alirudi chini polepole, akajaribu tena akiwa amefunga kamba kiunoni, akafika mahali pale pale. Alijaribu mara ya tatu. Kisha akaketi chini, mgongo kwenye shina, ngozi ya kiwiko imechunika.

"Basi," akasema.

Nilikaa naye. Baada ya muda alianza kunieleza namna mkewe alivyoanza kuuza kuni, na namna mama yake anavyomwambia kwamba mkono utaota nguvu. Alisema atakwenda Changamwe kuuliza kazi kwenye matangi ya mafuta, kuwa mlinzi wa lango. Mlinzi hahitaji vidole, alisema, anahitaji kutolala. Alikwenda. Walimtazama mkono wakamwambia arudi wiki nyingine, na wiki nyingine wakamwambia vivyo hivyo.

Alikuwa amelipa kodi ya minazi kumi na minane kwa mwaka mzima, mbele, shilingi mia moja na nane, na alikuwa amegema miezi mitano tu. Mzee alihesabu mwenyewe ile miezi saba iliyobaki, shilingi sitini na tatu, akazifunga kwenye kitambaa, akanituma nizipeleke. Nilimkuta mgema anafunga mizigo yake kwenye chumba alichokuwa amepanga. Alikifungua kitambaa, akazitazama, akakifunga tena.

"Mrudishie."

"Ni haki yako," nikamwambia. "Hukuigema hiyo minazi."

"Najua."

"Una watoto wanne."

"Fundi, najua idadi ya watoto wangu." Alivuta pumzi. "Nikizichukua, kuanzia leo watu watasema mzee amenilipa mkono. Na yeye mwenyewe atajua kwa hakika ni yeye. Sasa hivi hana hakika. Mwache hivyo hivyo."

Nilimwambia kwamba mzee ana hakika tayari, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia. Alivuta kamba ya mzigo kwa meno, akaikaza. Kisha akasema kwamba hata hivyo hazichukui, kwa sababu akizichukua watu watasema mimi nilimwambia mzee ukweli ili yeye alipwe. Nilijaribu tena kesho yake, na mke wa mzee alijaribu kwa maneno mazuri kuliko yangu. Hakukubali. Mgema mwingine, kijana kutoka Jibana, aliipokea minazi ile, na akanunua kotama na vibuyu vya mgema wetu kwa shilingi kumi na moja. Fedha hizo mgema wetu alizichukua, kwa sababu zilikuwa bei ya vitu.

Aliondoka kwa miguu kuelekea barabara ya bara, mzigo begani, mkono wa kushoto ndani ya mfuko. Ukiacha vidole, ambavyo sijui vinahesabiwaje, alikuwa amepoteza, sitini na tatu kutoa kumi na moja, shilingi hamsini na mbili.